Tupeane uzoefu: tondezi (mashine ya kukata majani) imelala tangu Mei, mvua imeanza, esansi (petroli ya injini) haifiki

Fundi wa Kampemba
Habari za kazi, ndugu zangu. Mvua zimerudi Lubumbashi, majani yanapanda, na tondezi zilizolala kiangazi kizima zinaletwa kwa mafundi na malalamiko yaleyale: haiwaki kabisa, inawaka na kuzima, au inaunguruma ikipanda na kushuka. Mara nyingi shida ni njia ya esansi. Tuweke hapa tunachokijua, kwa vipimo, ili mtu asinunue karbirateri (kifaa kinachochanganya esansi na hewa) nzima kwa sababu ya punje moja ya uchafu.

Naanza na kupima, kabla ya kugusa skrubu yoyote. Vuta kamba mara tano au sita, kisha fungua bugi (plagi inayotoa cheche) uitazame. Ikiwa kavu, esansi haifiki. Ikiwa imelowa, esansi inafika, na hapo utafute cheche au karbirateri inayofurika. Kwa ile kavu, toa filta ya hewa, mimina esansi kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kwenye koo la karbirateri, rudisha filta mahali pake, ndipo uvute. Usivute filta ikiwa nje, kwa maana moto unaweza kuruka usoni. Ikiwaka sekunde mbili tatu na kuzima, basi cheche ipo na injini inabana vizuri. Baki kwenye njia ya esansi: kifuniko, rezevari (tangi), filta (chujio), tiyo (bomba la mpira), sindano ya boya (inayofunga esansi kikombe cha karbirateri kikijaa), jikleri (kipande cha shaba chenye kitundu cha kupimia esansi). Fuata mpangilio huo, usiruke.

Mkaaji wa Golf
Yaya, mkubwa wangu, mimi ningeanza na esansi yenyewe. Esansi iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja inapoteza sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto haraka. Kinachobaki kinageuka gundi ya rangi ya kahawia, na toka Mei hadi Oktoba ni miezi mitano. Inuse: ya zamani ina harufu chachu kama ya rangi ya mlango. Hiyo usiichanganye na mpya, mwaga yote.

Na hata mpya ipimwe, hasa ile ya chupa inayouzwa barabarani na wale tunaowaita Kadhafi. Weka kiasi kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, iache robo saa. Maji yanashuka chini na mstari unaonekana wazi. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi safi inakauka bila alama, iliyochanganywa na petroli ya taa (mafuta ya taa) au mazutu (dizeli) inaacha doa la mafuta. Esansi ya namna hiyo inafanya injini iwake kwa shida na bugi iwe nyeusi, na fundi anasafisha karbirateri bure.

Fundi wa Katuba
Kifuniko cha rezevari ndicho watu wanachokisahau. Kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Vumbi letu jekundu likikiziba, esansi inaposhuka hewa haiingii, rezevari inavuta kwa ndani, na injini inazima baada ya dakika kumi au ishirini. Ukingoja kidogo inawaka tena. Kipimo chake: ikizima, legeza kifuniko palepale. Ukisikia hewa inaingia na injini ikawaka, safisha kitundu kwa maji ya sabuni na upepo.

Halafu mkondo. Chomoa tiyo upande wa karbirateri, kinga chupa, fungua robine (koki ya esansi). Esansi itoke mkondo mmoja usiokatika. Ikitoka matone, rudi nyuma: toa filta ujaribu bila hiyo. Filta ina mshale, na mshale unaelekea karbirateri. Chini ya rezevari pia kuna wavu mdogo, na hapo majani makavu yanajikusanya. Tiyo iliyokakamaa au yenye nyufa ibadilishe, nyingi zina upana wa ndani wa milimita 6. Weka tiyo ya esansi, maana ile nyepesi ya maji inalainika na kujibana.

Kazi hii ya kuchomoa na kufungua ifanyike nje, injini ikiwa baridi, waya wa bugi umechomolewa, na hakuna mtu anayevuta sigara karibu.

Mama wa Bel-Air
Kama mkondo ni mzuri na bado haiwaki, sasa ndiyo zamu ya karbirateri. Piga picha kwanza, hasa springi za gavana (kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini) zimeingia tundu lipi. Ukizikosea, injini itazunguka kasi kupita kiasi au haitapanda kabisa.

Funga robine, fungua boliti iliyo chini ya kikombe cha karbirateri (kwenye injini ya Honda GCV160 ni funguo namba 10). Kwenye injini nyingi za Briggs & Stratton boliti hiyo ndiyo yenyewe jikleri: ina tundu ubavuni na jingine kwenye ncha yake. Watu wanaifuta kwa kitambaa na kuirudisha, na kitundu kimeziba bado. Iangalie dhidi ya jua, lazima uone mwanga.

Toa pini ya boya, inua boya na sindano yake. Ncha ya mpira ikiwa na mkwaruzo au pete, ibadilishe. Fungua jikleri kwa turunevisi (bisibisi) inayokaa sawasawa, maana shaba inaharibika haraka. Nyuma yake kuna kibomba chenye vitundu pande zote, kitoe nacho. Pulizia dawa ya kusafisha karbirateri kila njia, baada ya kutoa mipira na plastiki zote. Kuzibua, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme. Sindano ya kushonea na waya wa chuma vinapanua tundu, na jikleri iliyopanuliwa inakunywa esansi hadi utakapoibadilisha. Malizia kwa upepo wa kompresa, kwa wanaoziba mipira ya magari.

Ukifunga, geuza karbirateri juu chini na upulize kwa mdomo kwenye mlango wa esansi: upepo usipite, kwa kuwa boya linabana sindano. Irudishe wima, upepo upite. Joanti (gasketi) zenye kitundu zikae upande wake, ukizigeuza unaziba njia ya hewa.

Kijana wa Ruashi
Wakubwa zangu, samahani. Yangu inawaka, lakini inapanda na kushuka kama inapumua. Nifungue yote?

Fundi wa Kampemba
Hapana, mdogo wangu. Funga starteri nusu, kile kijimlango cha hewa. Ikitulia, injini inapata hewa nyingi mno kwa esansi inayofika. Mara nyingi sababu ni mbili: jikleri ndogo ya mwendo wa polepole imeziba, au hewa inaingia pembeni kati ya karbirateri na injini. Kaza boliti kwanza, kisha paka mafuta ya injini kidogo kwenye maungio. Ikibadilisha mlio, joanti imekwisha. Isipobadilika, safisha jikleri ndogo.

Ikitoa moshi mweusi ni kinyume chake: filta ya hewa chafu, starteri haifunguki, au sindano inavuja. Kwa sindano inayovuja, chomoa kijiti cha mafuta unuse. Kikinuka esansi na kiwango kimepanda, mwaga mafuta yote, weka mapya SAE 30 au 10W-30, kabla ya kuwasha. Mafuta yaliyochanganyika na esansi yanakula injini.

Mtu wa Kenya (ya Lubumbashi)
Kwa mashine za kufyeka za mabegani, kumbukeni nyingi hazina boya, zina membrani (utando mwembamba). Ikikakamaa au kukunjamana haivuti tena. Ndani ya rezevari filta inaning'inia kwenye tiyo, ivute nje kwa ndoano ya waya. Mchanganyiko wa mafuta na esansi wa 1:50 ni mililita 20 za mafuta kwa lita moja ya esansi, wa 1:25 ni mililita 40. Soma kifuniko, usikisie.

Fundi wa Katuba
Na wa Goma na Bukavu wanaosoma: kule mko mita 1,500 hivi au zaidi, hewa ni nyepesi. Injini iliyo safi ikitoa moshi mweusi na bugi nyeusi, uliza jikleri ndogo zaidi ya nyanda za juu. Honda wanaitaja kwa matumizi ya juu ya mita 1,500. Sisi huku, kama mita 1,200, ya kawaida inatosha.

Mkaaji wa Golf
Mwezi wa nne, baada ya kukata mara ya mwisho: funga robine, acha injini iendelee hadi izime yenyewe, fungua kikombe cha karbirateri umwage kilichobaki, mwaga na rezevari. Ukiilaza kusafisha kisu, karbirateri na filta ya hewa viwe juu. Bugi ya GCV160 ni BPR6ES, nafasi yake milimita 0.7 hadi 0.8.

Kijana wa Ruashi
Nimefunga starteri nusu, imetulia. Naanza na boliti.