Ukuta wa fremu ya mbao bafuni: niuandaeje kabla ya kubandika vigae?

mgawa_vyumba

Wakuu, habari za kazi. Nina ukuta wa kutenganisha bafu na chumba, fremu ya mbao za 2 kwa 4, nguzo zimesimama kila sentimita 60. Upande wa bafu nataka vigae vya porseleni vya 30 kwa 60, unene milimita 10, toka sakafuni hadi darini, na shawa iko kwenye ukuta huohuo. Nimeshauriwa plaiwudi ya milimita 12 na kubandika juu yake moja kwa moja. Mwingine anasema bodi ya jipsamu ya kijani inatosha. Nifuate lipi?

randa_na_patasi

Mkuu, kabla ya bodi angalia fremu kwanza. Sentimita 60 ni mbali mno kwa vigae vizito: ukuta utayumba kidogo kila mlango ukifungwa kwa nguvu, na grauti (kijazio cha kati ya vigae) itaanza kupasuka mistari. Ukuta mpya ungejengwa kwa nafasi ya 40. Wako umeshasimama, hivyo ongeza nguzo moja katikati ya kila nafasi ziwe kila 30. Kingo za bodi ya upana wa sentimita 120 zitaendelea kuangukia kwenye mbao.

Piga pia mbao za kulala kila panapoungana bodi, na nyuma ya mahali pa koki ya shawa, sinki na mkono wa kushikilia. Ukishabandika vigae hutazipata tena.

Kisha pitisha rula ya alumini ya mita 2 pande zote. Mwanya chini ya rula usizidi milimita 3. Palipovimba piga randa, palipobonyea weka vibao vyembamba. Usitegemee gundi kunyoosha ukuta: ikiwa nene mno husinyaa inapokauka na kuvuta kigae. Mbao nazo ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 18, la sivyo zitajipinda zikiwa tayari zimebeba vigae. Mabomba yajaribiwe kwa shinikizo kabla hujafunika.

mwiko_wa_meno

Naungana na mkuu hapo juu. Sasa bodi.

Plaiwudi hunywa unyevu na kutanuka, kigae hakitanuki nayo, kwa hiyo gundi ndiyo inayokatika. Jipsamu ya kijani ni suala tofauti kidogo. Ya milimita 12.5 isiyopigwa lipu hubeba hadi kilo 32 kwa mita ya mraba, na porseleni yako ni kama kilo 23, ongeza 4 au 5 za gundi na grauti. Uzito unapita. Kinachoiangusha ni maji: hustahimili unyevunyevu wa hewa, lakini maji ya shawa yakipenya kwenye grauti, karatasi yake na jipsamu ndani hulainika.

Tumia bodi ya saruji ya milimita 12. Zipange kama matofali, viungo vya wima visifuatane. Acha mwanya wa milimita 3 kati ya bodi na bodi, na chini zisiguse sakafu, ziinue kama milimita 10. Skrubu ziwe za kutopata kutu, urefu milimita 40, kila sentimita 20. Kichwa kilale sawa na uso wa bodi. Kikizama, kimevunja wavu wa ndani na hakishiki kitu. Viungo vijaze gundi ya vigae pamoja na tepu ya wavu isiyoliwa na saruji. Poda ya kuzibia jipsamu usiiguse, italainika.

mgawa_vyumba

Asanteni sana. Niweke nailoni nyuma ya bodi, au nipake dawa ya kuzuia maji mbele? Au vyote?

mwiko_wa_meno

Kimoja tu. Ukiweka vyote, unyevu utakaopenya utanaswa katikati, hauna pa kutokea. Mimi napendelea mbele, kwa sababu hata bodi yenyewe hubaki kavu. Futa vumbi kwa sponji yenye maji kidogo, paka praima ya kampuni ileile ya dawa (gundi nyeupe ya mbao usiitumie kama praima, ikilowa huyeyuka tena). Bandika tepu ya mpira kwenye pembe, kwenye kiungo cha ukuta na sakafu, na kola kuzunguka kila bomba. Mkono wa kwanza paka kwa mlalo, ukikauka wa pili kwa wima. Subiri muda ulioandikwa kwenye ndoo, mara nyingi saa 24.

Gundi iwe ya kunyumbulika, daraja C2 S1 (C2 ni mshiko ulioboreshwa, S1 ni kunyumbulika), mwiko wa meno ya milimita 10, na pakaa kidogo mgongoni mwa kigae pasibaki mapengo.

randa_na_patasi

Nyongeza: pembe za ndani na mstari wa chini ziba kwa silikoni, siyo grauti. Mbao hutanuka na kusinyaa, na hapo ndipo mwendo wote hutokea.