Naomba ushauri: kunywa maji kidogo na kansa ya kibofu

Wakuu habari za saa hizi, mi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, maji nakunywa kwa machale maana choo cha kulipia na ukitoka nani akuangalizie mzigo, jioni mkojo rangi kama chai ya rangi. Sasa nimesoma utafiti wa Marekani wa 1999, wanaume waliokunywa zaidi ya lita 2.5 za vinywaji vyote (si maji tu) kwa siku walikuwa na hatari ya kansa ya kibofu karibu nusu ya wale wa chini ya lita 1.3, eti mkojo mwingi unazimua sumu. Ila mi utotoni Misungwi nilicheza sana majaruba ya mpunga mpaka nikakojoa damu, kichocho kile, na fegi bado navuta (najua, msinisimange). Je maji peke yake yatasaidia au nikapime kwanza? Waliowahi kuchekiwa kibofu hapa Mwanza mlianzia wapi?