Dereva wangu kamkimbia trafiki Tengeru na Noah yangu, naomba ushauri kabla hawajanifikia

MamaNoah_Usa
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama mfanyabiashara, naishi Usa River. Nina Noah moja, nimempa kijana aendeshe kwa hesabu, yaani ananiletea kiasi tulichokubaliana kila jioni, ruti ya Arusha mjini hadi Kikatiti.

Jumamosi, siku ya soko Tengeru, trafiki alimpiga mkono asimame. Kijana akapunguza mwendo kama anayeingia pembeni, halafu akakanyaga mafuta akapita. Konda ndiye aliyenisimulia. Ndani walikuwa abiria kumi na mmoja. Mama mmoja aliyekuwa na tenga la nyanya miguuni akapiga kelele ashushwe, tenga likapinduka, nyanya zikasambaa hadi kwenye pedali. Watu wa sokoni waliruka huku na huku. Akakata kwenye njia ya vumbi, akashusha abiria huko huko na nauli zao wakaondoka nazo. Namshukuru Mungu hakuna aliyegongwa.

Nilipombana akasema leseni yake imeisha muda, na kwa vile alikuwa amezidisha abiria akaogopa. Anasema nisiwe na wasiwasi, "magari ni mengi Mama, watasahau." Lakini konda anasema askari wa pili alikuwa na simu mkononi, namba imepigwa picha. Kadi ya gari ina jina langu.

Nauliza: kosa hili lina uzito gani? Nitakamatwa mimi au yeye? Na nifanye nini kwanza? Gari hiyo ndiyo ada ya wanangu, naombeni msaada wa kweli.

Chalii wa Sakina
Pole Mama. Paki gari wiki mbili, likipoa badilisha plate namba, rudi barabarani. Wengi wamefanya hivyo.

Wakili_Meru
Mama, ushauri huo usiuguse. Kubandika namba isiyo ya gari lako ni kosa jipya, na hilo litakuwa lako mwenyewe, siyo la dereva. Sasa hivi uko safi, usijichafue.

Nianze na uzito wa kosa. Leseni kuisha muda na kuzidisha abiria ni makosa ya kawaida ya barabarani, yako chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Mara nyingi trafiki anakuandikia, unalipa 30,000 kwa kila kosa, mnaachana. Kijana wako alikuwa anakabiliwa na elfu sitini. Alipokanyaga mafuta akajiongezea mambo matatu. La kwanza, kukaidi amri ya askari mwenye sare, ambalo lenyewe ni kosa. La pili, namna alivyoendesha katikati ya watu wa soko inaweza kuitwa uendeshaji wa hatari, na hilo huwa linakwenda mahakamani. La tatu ndilo zito: mwendesha mashtaka akitaka anaweza kutoka kwenye sheria ya barabarani akaingia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwenye kosa la kumpinga au kumzuia kwa makusudi askari anayetekeleza kazi yake. Hapo kifungo kinaweza kufika miaka mitano.

Sisemi atafungwa miaka mitano. Hakuna aliyeumia, na kama hana rekodi, hakimu ana nafasi kubwa ya kutoa faini. Ila fikiria kama yule mama wa tenga angetupwa nje, au mtoto angekanyagwa pale sokoni. Tungekuwa tunazungumzia kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, na wapo walioshtakiwa hata kwa kuua bila kukusudia, ambalo ukomo wake ni kifungo cha maisha. Kijana aone hivyo, asione kwamba ameshinda.

Konda Mstaafu
Naunga mkono Wakili. Nimeshika mlango wa vifodi, zile daladala ndogo, mjini hapa miaka mingi. Hilo la "watasahau" lilikuwa la zamani. Siku hizi askari anaingiza namba kwenye mashine, deni linakaa kwenye mfumo kwa namba ya gari. Utapita leo na kesho, siku moja utasimamishwa Kisongo au Bomang'ombe kwa jambo dogo kabisa, mashine ikisoma tu gari linalala kituoni. Mama, ingia mtandaoni kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya magari, weka namba yako, utaona kama ameandikiwa chochote. Fanya usiku huu huu.

Ila kutoonekana kwa deni hakumaanishi mmepona. Kama wamefungua jalada, halionekani kule.

Toyo_Kiborloni
Niko Moshi, naendesha toyo, yaani bodaboda. Sisi huku ndio wenye ugonjwa huu wa kukimbia, nasema kwa uchungu. Mwenzetu wa kijiweni alisimamishwa hana kofia ngumu. Faini ya bodaboda ilishashushwa tangu 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000, hela ya abiria wachache tu. Akakimbia, akaingia uchochoro wa sokoni, akamkumba mama wa mitumba na meza yake. Mama akavunjika mkono, yeye goti. Wote wawili wakalazwa, pikipiki ikabaki kituoni kama kielelezo hadi kesi ilipoisha, na pikipiki yenyewe ni ya mkataba, bosi anadai kila siku. Kijana bado anachechemea. Kwa elfu kumi!

Mwambieni huyo dereva aende mwenyewe. Atakayekwenda kwa miguu yake hasikilizwi sawa na aliyeletwa na pingu.

MamaNoah_Usa
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeangalia kwenye mfumo, kuna deni moja la tarehe hiyo hiyo, limeandikwa kutotii amri ya askari. Kwa hiyo wananifahamu. Wakili, mimi kama mmiliki nabeba nini? Na bima je? Nina bima ndogo.

Wakili_Meru
Kosa la kukimbia ni la aliyeshika usukani, hukuwepo wala hukumtuma. Lakini una wajibu wako. Polisi wakikuuliza nani alikuwa anaendesha, sheria inakutaka useme. Ukificha au ukitaja jina la uongo, unaingia wewe. Pia mmiliki akimwachia gari mtu asiye na leseni halali huku akijua, naye ana kosa. Hukujua, basi lazima uweze kuonyesha hivyo: kopi ya leseni uliyopewa wakati unamkabidhi gari, ujumbe wa simu, ushahidi wa konda. Vitafute leo. Na tangu dakika ulipojua leseni imeisha, asiguse usukani hata kwa kusogeza gari uani.

Bima ndogo inalinda watu wengine wanaodhurika kwa gari lako, lakini dereva asiye na leseni halali ni sababu ambayo kampuni inaweza kuitumia kukukwepa, au ikamlipa aliyeumia kisha ikakugeukia wewe irudishiwe. Na kwa sababu gari ni la abiria, LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, nao wanaweza kuhoji leseni yako ya usafirishaji.

Dereva akienda kituoni aambiwe kosa lake. Ana haki ya kutosema chochote zaidi ya kujitambulisha hadi awe na wakili au ndugu. Kwa kosa la aina hii, asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 24 anastahili dhamana, na dhamana ya polisi haiuzwi. Kama hamna uwezo wa wakili, ulizeni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawatozi.

Mmeru_Houston
Huku Texas, kumkimbia polisi ukiwa na gari ni jinai kubwa yenye kifungo cha miaka 2 hadi 10, na faini inaweza kufika dola 10,000, hata kama alikusimamisha kwa taa iliyoungua. Nimeona Mtanzania mwenzetu akipoteza kibali cha kuishi kwa jambo hilo. Mama, huko nyumbani mlango wa kuongea na hakimu bado uko wazi, utumieni.

Lema_wa_Majengo
Mbona mnamtisha dada? Aende na kitu kidogo, aongee na mkubwa wa pale, jalada litafungwa.

Wakili_Meru
Ndugu yangu, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Kosa limeshaingia kwenye mfumo, hakuna wa kulifuta kwa bahasha. Atapoteza hela, na akiangukia mikononi mwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, yeye ndiye atakuwa mshtakiwa, wakati sasa hivi ni shahidi tu.

Dada wa Njiro
Naomba niulize hapa hapa. Mimi naendesha mwenyewe, wakati mwingine natoka uwanja wa ndege wa KIA usiku. Nikisimamishwa gizani na watu nisiowaona vizuri kama ni polisi, na nikiendelea mbele, nami nimekimbia?

Konda Mstaafu
Dada, tofauti iko kwenye namna unavyoendelea. Punguza mwendo, washa taa zote mbili za kuashiria, shusha kioo kidogo, onyesha kwa mkono kwamba umewaona na unasogea penye mwanga: sheli, au kizuizi kinachofuata. Trafiki wetu anavaa nyeupe, na taa za gari zikimpiga anaonekana. Ukifika penye mwanga simama, usizime taa, mwulize jina na namba yake kwa heshima. Yule wa Mama alipunguza akadanganya kusimama halafu akachomoka. Hapo huna cha kujitetea.

Wakili_Meru
Sahihi. Niongeze: mpigie mtu simu ukiwa bado unatembea taratibu, umweleze uko wapi na kwa nini hujasimama. Haikupi kinga ya kisheria, ila inaonyesha nia yako. Kama mwenye sare umemtambua, simama hapo hapo.

MamaNoah_Usa
Wakuu, narudisha majibu. Tumekwenda leo mimi, kijana, konda na mjomba wake kijana. Nimebeba kadi ya gari, bima, na kopi ya leseni aliyonipa mwanzo. Askari waliandika maelezo, kijana akapewa dhamana kwa mjomba wake, ataitwa mahakamani. Gari limekaguliwa, wamenirudishia. Deni la kwenye mfumo nimelilipa kwa simu. Kijana alilia pale benchi. Sikumfukuza, ila haendeshi hadi ahuishe leseni na kesi iishe. Nimechukua deiwaka, dereva wa muda, mwenye leseni daraja C.

Nimtake nini huyu mpya kwa maandishi?

Wakili_Meru
Umefanya vizuri sana Mama. Mwandikie mkataba wa kurasa moja au mbili. Leseni yake halisi uione mwenyewe, kopi ibaki kwako na tarehe ya mwisho uiandike kwenye mkataba. Idadi ya abiria iandikwe kama ilivyo kwenye leseni ya gari. Faini za makosa yake alipe yeye, za ubovu wa gari ulipe wewe. Andika kwamba akisimamishwa anasimama na anakupigia simu papo hapo, na kwamba siku aliyoandikiwa hesabu inapunguzwa. Hicho cha mwisho usikiruke. Madereva wengi wanakimbia kwa sababu ya hesabu ya jioni kuliko hata hiyo faini.

Toyo_Kiborloni
Hapo kwenye hesabu umegusa penyewe Wakili. Mabosi wa huku Moshi nawatumia uzi huu sasa hivi.