Tupeane uzoefu: umewahi kuhudumiwa vibaya hotelini hapa Dar? Na bakshishi, unaitoa kwa moyo au kwa aibu?

Mleta mada, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, nimeona nilitoe hapa na kila mtu alete lake.

Mama yangu yupo kwangu tangu mwanzoni mwa mwezi, amekuja kutoka Korogwe kutibiwa macho. Jumamosi tulipotoka kliniki nikasema leo mama asile chakula cha nyumbani. Nikampeleka sehemu moja upande wa baharini, upepo unapiga, samaki wao wanasifika. Tulikaa saa saba na robo. Menyu ilifika saa saba na nusu imeshapita. Kijana aliyeileta hakusema karibu wala shikamoo, na mama yangu ana miaka 71. Aliitupa mezani, macho yapo kwenye simu, akaondoka.

Tukaagiza changu wawili wa kukaanga na ugali. Akasema dakika ishirini. Saa nane na dakika arobaini akaja na kuku. Namwambia hatukuagiza kuku, ananijibu, "Changu wameisha." Basi. Hakuna samahani, hakuna niwaletee nini badala yake. Nikataka kuinuka, mama akanishika mkono: "Mwanangu, tule tu, wasije wakatuchukia." Mtu mzima, mgeni, anaogopa kuchukiwa mahali ambapo mwanawe analipa hela.

Bili ilikuwa 46,000. Nikatoa elfu hamsini, chenji haikurudi. Nilipoiulizia kijana akanikunjia uso, akaenda, akarudi na sarafu nane za mia tano, akazipanga moja moja mezani kama anamfundisha mtoto kuhesabu. Nami nikazisukuma mbili upande wake. Hapo ndipo panaponiuma. Sikumpa kwa sababu alistahili, nilimpa kwa sababu watu wa meza ya jirani walikuwa wanatuangalia.

Naomba uzoefu wenu. Nanyi mliowahi kufanya hiyo kazi msikae kimya, tunahitaji kusikia upande wenu.

Mdau, Mwenge

Pole sana mkuu, mpe pole na mama. Kukosa chakula mtu unavumilia. Kutosalimiwa mzee ndiko kunakotia uchungu, na hilo halihitaji mtaji wala mafunzo.

Mama wawili, Kijitonyama

Mimi nafanya kazi Kariakoo, mwaka wa tisa sasa mchana nakula kwa mama ntilie mmoja kwenye uchochoro wa nyuma ya duka letu. Mabenchi mawili, turubai, sufuria nne. Ukifika tu binti yake anakuja na jagi la maji ya uvuguvugu, sabuni na beseni, anakumiminia unanawa. Wali maharage ukipungua mchuzi anakuona kabla hujasema: "Nikuongezee, mama?" Siku ambayo samaki wameisha anakwambia ukiwa bado umesimama, "Leo samaki hakuna, kuna dagaa wa nazi, utapenda?" Unaamua mwenyewe.

Pale hakuna kitu kinaitwa bakshishi. Watu wanasema, "Hiyo mia tano baki nayo, nitaikuta kesho." Anaikumbuka kweli. Nilipojifungua mwanangu wa pili nikakaa nyumbani miezi mitatu, niliporudi akaniambia, "Mama, elfu moja yako ipo." Kwa hiyo mtu asiniambie huduma nzuri ni suala la viyoyozi na vitambaa vya meza.

Dereva boda, Mbezi

Naomba niseme langu japo linaniuma kulisimulia. Mwaka jana mke wangu alitimiza miaka 30, nikajibana wiki tatu ili nimpeleke sehemu ya maana, siyo chipsi za kibandani. Tukaenda moja ya sehemu za Masaki. Mimi nilitoka kazini moja kwa moja, nimevua reflekta lakini kofia ngumu nimeishika mkononi. Yeye kapendeza, kasuka, gauni jipya.

Tukapelekwa meza ya pembeni kabisa, karibu na mlango wa choo, na mbele kulikuwa na meza tatu tupu. Tulipoagiza, dada akasema, "Hapa mnalipia kwanza." Sawa, nikalipa. Dakika chache wakaja wageni Wazungu wanne, wakapewa ile meza ya mbele, wakaagiza, wakala, wakanywa, bili yao ikaja mwisho. Mke wangu aliona yote. Hakusema neno, ila keki aliyoagiza hakuimaliza.

Nilikuwa nimetenga elfu tano ya kumpa huyo dada atakayetuhudumia. Niliiweka kabla hatujatoka nyumbani, mfuko wa shati. Nilirudi nayo.

Mdau, Mwenge

Kaka wa Mbezi, pole. Yaani mtu anakuja kwako na heshima yake yote halafu unaipima kwa kofia.

Niliyekuwa weita, Sinza

Nimesoma yote. Nimekuwa mhudumu miaka sita, baa na mgahawa, nimeacha mwaka juzi, sasa nauza vitenge. Nawaomba mnisikilize, sitetei uchafu.

Kwanza hilo la kulipia kabla. Wengi hamjui kwamba baa nyingi weita hapewi kinywaji kwa mkopo. Mimi nilikuwa naingia kazini na mtaji wangu wa elfu thelathini. Ukiniita ukaagiza bia mbili, naenda kaunta nazinunua kwa hela yangu, nakuletea, wewe utanilipa ukimaliza. Meza nne zikikaa masaa matatu bila kulipa mtaji umeisha, nasimama tu sina cha kuchukulia. Ndiyo maana unaona dada anakuja, "Kaka, naomba nikukatie bili." Anataka aendelee na kazi. Lakini kumdai mmoja na kumwacha mwingine kwa kuangalia mavazi, hapo kaka wa Mbezi alidhulumiwa, na mimi kama mwenzao namwomba radhi.

Pili, wanaokimbia. Siku moja walikuja vijana sita, wakala mbuzi choma kilo tatu na ndizi, wakanywa. Mmoja akatoka kupokea simu, wawili wakaenda choo, mwingine akasema anafuata sigara. Nilikuwa nafuta meza ya jirani, nageuka kuna viti sita vitupu na ndimu zilizokamuliwa. Bili 118,000. Mshahara wangu ulikuwa 150,000 kwa mwezi. Meneja hakuuliza swali. Nilikatwa miezi miwili, na mwanangu mwezi huo alikaa nyumbani wiki nzima kwa kukosa nauli na hela ya mtihani. Tangu siku hiyo, mteja akinyanyuka tu moyo unanidunda. Mteja anasema "huyu dada ananikodolea macho". Nilikuwa nalinda mshahara wangu.

Tatu, dakika ishirini. Bosi wangu alitukataza kusema kitu kimeisha au kitachelewa, maana mteja ataondoka. Unaambiwa sema kinakuja, akishakaa na kinywaji hatoki tena. Jikoni jiko la mkaa moja, samaki yupo kwenye friza amekuwa jiwe, oda kumi na mbili. Mpishi ananifokea, mteja ananifokea. Nimeingia saa nne asubuhi, natoka saa saba usiku, daladala zimekwisha, boda mpaka kwangu elfu tatu. Ukipata elfu mbili ya bakshishi siku hiyo, ujue imeishia kwenye boda.

Na bakshishi yenyewe. Wapo waliokuwa wananikunjia noti na kunipa huku wameshika kiganja hawaachii. Wapo wanaosema, "Nitakuachia elfu kumi, nipe namba." Ukikataa, anaenda kwa meneja kusema una dharau. Hiyo siyo bakshishi. Dada zangu mlio kazini mnanielewa.

Lakini kulikuwa na mzee mmoja, kila Ijumaa jioni, anakunywa soda ya tangawizi na supu ya kongoro. Akimaliza ananiita kwa jina langu, ananiwekea elfu moja mkononi: "Hii ya mjukuu wangu." Hakuwahi kukosa, na siku ambayo hana alikuwa anasema, "Mwanangu, leo sina." Hizo elfu moja nilikuwa naziweka kwenye kopo. Mtaji wangu wa vitenge ulianzia humo.

Mleta mada, Tabata

Dada wa Sinza, nimesoma mara mbili. Asante.

Afisa rasilimali watu, Ubungo

Nichangie kwenye hilo la kukatwa, kwa sababu watu wanaumia bila kujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara anavyotaka. Ili akukate kwa hasara, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, uwe umekubali kwa maandishi, akupe kwa maandishi sababu ya deni na hesabu yake, na akupe nafasi ya kulipinga. Hata ukiwa na kosa, makato yote yasizidi robo ya mshahara. Mteja kukimbia wakati unafuta meza nyingine siyo kosa lako kirahisi hivyo.

Sheria hiyohiyo inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Ukizidishiwa ni saa za ziada, zinalipwa zaidi. Mwenye malalamiko aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mgogoro wa makato una siku 60, na wa kuachishwa kazi siku 30. Usikae nalo mpaka mwaka upite. Tatizo nalijua: wengi ni deiwaka, hawana mkataba, wanaogopa kesho kutopangiwa zamu.

Mpishi, Mikocheni

Naongeza moja tu. Bakshishi haifiki jikoni. Chakula kikisifiwa anapewa aliyekibeba, kikilalamikiwa natafutwa mimi. Sehemu niliyopo sasa wameweka boksi kaunta, tunagawana Jumapili, kuanzia weita mpaka anayeosha vyombo. Tangu liwekwe ugomvi wa oda umepungua sana, kwa sababu weita anajua sahani ikichelewa tunakosa wote.

Mdau, Upanga

Nimeishi Houston miaka minne. Mara ya kwanza kula mgahawani niliacha sifuri, dada akanifuata kwa upole kuniuliza kama kuna kitu kilienda vibaya. Baadaye nikaelewa. Kule kima cha chini cha taifa kwa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na kimekaa hapohapo tangu 1991, wakati kima cha kawaida ni dola 7.25. Mwajiri anatakiwa kufidia ikiwa bakshishi haikufikisha kiasi hicho, lakini kimsingi anayelipa mshahara ni mteja. Ndiyo maana watu wanaacha asilimia 15 hadi 20 hata kama chakula kilikuwa cha kawaida.

Kwa hiyo ninaposikia mtu wa Dar anasema "wenzetu wanatoa asilimia ishirini", naona tunachukua mkia tunaacha mnyama. Mwajiri wa hapa asianze kuhesabu bakshishi yangu ndani ya mshahara wa mtu wake. Amlipe kwanza. Mimi nikitoa, nimetoa mimi.

Mama wawili, Kijitonyama

Hapo umenena. Na jambo jingine, siku hizi wengi tunalipa kwa lipa namba. Zamani chenji ilikuwa inarudi mkononi, unamwachia mtu jero au elfu. Sasa hela inaingia kwa bosi moja kwa moja na dada anabaki ameshika sahani. Mimi nimejizoesha kutembea na noti za elfu mbili mbili. Namuuliza jina, nampa mkononi. Kama hakunihudumia vizuri simpi, na namwambia kwa nini, kwa sauti ya chini, siyo mbele ya watu.

Mdau, Mwenge

Mimi hotelini nilikuta bili ina asilimia kumi ya huduma juu ya VAT. Nikamuuliza kijana, "Hii unaipata wewe?" Akaangalia kaunta kwanza, halafu akatikisa kichwa. Nikampa yake pembeni. Tangu hapo lazima niulize.

Mleta mada, Tabata

Wakuu, narudi kwenu. Leo Jumatano nilipita pale peke yangu baada ya kazi. Sikwenda kugombana. Nilimkuta yule kijana, nikaagiza soda, nikamwuliza jina, nikamkumbusha Jumamosi. Alikumbuka. Alisema ni siku yake ya nne kazini ile Jumamosi, deiwaka, na alishakatazwa kusema changu wameisha mpaka mteja awe amekaa kabisa. Simu aliyokuwa anaiangalia, mdogo wake alikuwa anamwambia kodi ya chumba.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hayo yote nimeyaelewa. Lakini mama yangu hukumwamkia, na hilo halikukatazwa na bosi wako." Akanyamaza. Halafu akasema, "Ni kweli kaka. Naomba umwambie samahani." Nikapiga simu palepale, nikampa aongee mwenyewe. Alisimama wima, mkono mmoja nyuma, kama mama yupo mbele yake. Nikasikia tu, "Shikamoo mama... ndiyo mama... hapana mama, nimekosa mimi."

Soda elfu moja na mia tano. Nilimwachia elfu mbili yake, na safari hii hapakuwa na mtu meza ya jirani.

Nilipofika nyumbani mama hakuuliza habari za chakula wala chenji. Aliuliza, "Yule mtoto ameshalipa kodi?"

Wengine mlio kazini usiku huu, leteni na yenu mkitoka zamu. Thread ipo wazi.