Tupeane uzoefu: maelezo binafsi ya kuombea chuo kikuu nje ya nchi

Mwanzisha mada, Ilala
Wakuu, kwa vyuo vya hapa nyumbani alama za NECTA ndizo zinazokusemea. Ukiomba Uingereza au Marekani unaambiwa ujieleze mwenyewe, na hapo vijana wengi wenye alama nzuri ndipo wanapokwama. Mnaoifahamu kazi hii, tupeni hatua zenyewe.

Mwalimu, Upanga
Nianze na Uingereza. Maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya huko. Kuanzia wanaojiunga 2026, ile insha moja ndefu imeondolewa, yamewekwa maswali matatu: kwa nini unataka fani hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Jumla ni herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Mgawanyo mzuri kwa maoni yangu: 1,200 kwa swali la kwanza, 1,700 kwa la pili, 1,100 kwa la tatu.

Maelezo hayohayo huenda vyuo vyote vitano unavyochagua. Kwa hiyo usitaje chuo kwa jina, na usichanganye fani. Aliyechagua uchumi mara tatu na sheria mara mbili hamshawishi mtu wa uchumi wala wa sheria.

Mhandisi, Ubungo
Tatizo kubwa ni vijana kujisifu badala ya kuonyesha. "Nina bidii, napenda uhandisi tangu utotoni." Msomaji hana cha kushika hapo.

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, gawa karatasi safu tatu: nilichofanya au kusoma, nilichogundua, swali lililobaki. Jaza mistari kumi. Mstari ambao safu ya tatu ni tupu, ufute.

Tumchukue kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayeomba uhandisi wa ujenzi. Mafuriko ya Jangwani kila mtu Dar anayajua, kuyataja tu hakumsaidii. Lakini aeleze kwamba mto Msimbazi hushusha mchanga, mchanga ukijaa chini ya daraja njia ya maji hupungua, na kwamba kuuchimba bila kuzuia mmomonyoko huko juu ni kurudia kazi ileile kila masika. Hapo ameanza kufikiri kihandisi. Akimalizia na swali, mathalani upana wa daraja hukokotolewaje pale ambapo hakuna kumbukumbu za miaka mingi za kina cha mto, amempa mhadhiri sababu ya kutaka kumfundisha. Ni sentensi nne au tano tu.

Mifano miwili mitatu ya namna hiyo inatosha. Ukirundika saba, kila mmoja unapata mstari mmoja na hakuna unaokaa kichwani. Vitabu vilevile: ukikitaja, sema hoja uliyoikubali au kuikataa, na sababu yako.

Mdau, Temeke
Na wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) anayetaka udaktari, ila hajapata nafasi ya kujitolea hospitali?

Muuguzi, Mbagala
Hospitali si lazima, ndugu yangu. Kumhudumia bibi mwenye kisukari nyumbani kunahesabika, mradi aeleze alichojifunza: kwa nini mgonjwa huacha dawa akijisikia nafuu, na maneno gani humrudisha kwenye dozi. Akizungumzia mgonjwa asiye ndugu yake, asimtaje jina kabisa. Tena akumbuke, udaktari unaruhusiwa nafasi nne tu kati ya zile tano, na mwisho wake ni katikati ya Oktoba, sawa na Oxford na Cambridge. Fani nyingine nyingi ni Januari.

Mshauri wa masomo, Sinza
Marekani usipeleke maelezo hayo. Insha kuu ya Common App, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vingi vya huko, ni maneno 250 hadi 650, na wanataka kukujua wewe: tukio dogo, ulichofikiri, kilichobadilika kwako. Vyuo vingi huongeza maswali yao mafupi, na wakiuliza kwa nini umewachagua, hapo ndipo unataja jina la chuo na masomo yake mahususi.

Msinunue maelezo yaliyoandikwa tayari, nawasihi. UCAS hupitisha kila maelezo kwenye programu ya kulinganisha, na kinachofanana na cha mwingine vyuo hujulishwa.

Mwalimu, Upanga
Nyongeza. Andika kwanza pembeni, hesabu herufi pamoja na nafasi, ndipo ubandike. Usirudie alama zako, ziko tayari kwenye fomu. Kaa na mwalimu anayekuandikia barua ya mapendekezo mgawane mambo: kama uliugua au ulifiwa karibu na mtihani, hilo aliseme yeye, wewe utumie herufi zako kwa fani. Soma kwa sauti. Ukiishiwa pumzi, kata sentensi. Wasahihishaji wawili wanatosha, mmoja wa fani na mmoja wa Kiingereza. Wakizidi, maandishi yanakuwa ya kila mtu isipokuwa wewe.

Muda wa mwisho ni saa 12 jioni ya Uingereza. Oktoba hiyo ni saa 2 usiku kwetu. Januari ni saa 3 usiku, kwa kuwa wao hurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Ada ya maombi hulipwa mtandaoni, basi ulizeni benki mapema kama kadi ya mzazi imefunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi.