Vifaranga wa mbuna wa njano wamepishana sana ukubwa: niwatenganishe au nisubiri?

MwanaKigoto
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wazoefu wa samaki wa mapambo. Niko Mwanza, nafuga mbuna wale wa njano, Labidochromis caeruleus, kwenye tangi la lita 200. Jike mmoja alibeba mayai mdomoni, akawa hali chakula na koo limetuna, nikamhamishia kwenye tangi la lita 40 lenye filta ya sponji na mawe machache. Akawatema vifaranga wazima, wanaogelea vizuri, nikamrudisha kwa wenzake.

Sasa vifaranga wana karibu wiki sita tangu watoke mdomoni na wamepishana mno. Wachache wanakaribia sentimita 2 na nusu, njano imeanza kuonekana. Wengine hata sentimita 1 na nusu hawajafika, wamepauka, muda wote wako nyuma ya sponji. Mmoja mgongo umepinda. Nawapa chakula cha vipande nilichosaga, asubuhi na jioni.

Je, ni ugonjwa au ndivyo wanavyokua? Jirani ana bwawa la sato, naweza kuchukua chakula cha vifaranga wake? Na wakizidi, kuna ubaya kuwaachia ziwani?

KiooSafi
Mkuu, umepima maji? Tupe amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki), pH (kipimo cha ukali wa asidi ya maji) na joto kwanza, bila hivyo tutakuwa tunabahatisha.

MwanaKigoto
Nimepima sasa hivi. Amonia 0.5, pH 8.2, joto nyuzi 26.

Nyasa_Mawe
Mdogo wangu, anza na hiyo 0.5. Maji yakiwa na pH 8.2, sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka kuwa ile yenye sumu inayounguza matamvua. Kipimo hichohicho kwenye maji ya pH 7 kisingekuwa na ukali huo. Mbuna wanahitaji pH ya juu, kwa hiyo dawa si kuishusha, ni kuondoa uchafu. Badilisha robo ya maji leo, kesho tena, mpaka isome 0, na baada ya hapo mara mbili kwa wiki. Maji ya bomba yalale usiku kucha kwenye ndoo yenye jiwe la hewa ili klorini itoke, na joto lake lilingane na la tangi. Sponji ioshe kwenye maji uliyotoa tangini, usiipeleke bombani, utaua bakteria wanaokusafishia.

Sasa kukua kwenyewe. Kwa mbuna hatua nyingi zinaishia mdomoni mwa mama, ndiyo maana hatuzioni. Mayai ni makubwa na machache, si mamia kama ya samaki wengine. Kwa joto kama lako, kati ya siku ya tano na ya saba yanaanguliwa. Ukibahatika kumwona kifaranga wa hatua hiyo utaona kichwa na mkia vimepachikwa juu ya mfuko mkubwa wa kiini. Kuogelea hawezi, anapapatika tu. Mfuko ule ndio chakula chake chote. Unapungua siku hadi siku, macho yanakolea weusi, mapezi yanachipua, na karibu wiki ya tatu tumbo linafunga. Mama anamtema akiwa na sentimita 1 hivi, tayari anajua kukwepa adui na kuokota chakula. Wako walifika hapo salama, kwa hiyo mwanzo haukuwa na kasoro.

Tofauti inaanzia baada ya hapo. Wote ni wa tumbo moja, lakini aliyewahi chakula anatangulia kidogo, akishatangulia anawafukuza wenzake, na anayefukuzwa anajificha na kukosa mlo unaofuata. Mbuna ni samaki wa miambani, ubabe wa kugombea jiwe wanauanza wakiwa wadogo hivyo hivyo. Ongeza mawe yenye mianya, na chakula kitupe pande mbili za tangi kwa wakati mmoja, uone kama wale wa nyuma ya sponji hawatatoka.

Kupauka kusikutishe. Njano inakuja taratibu, kwa wengine inapita miezi miwili, na ule mstari mweusi wa pezi la mgongoni hukolea baadaye zaidi. Hawa si wakuaji wa haraka. Huyo wa sentimita 2 na nusu kwa umri huo ndiye aliyewahi, usimfanye kipimo cha wenzake.

MfugaSato
Naongezea kwa upande wa sato, maana naye anabeba mayai mdomoni na sisi wa mabwawa tatizo hili tunalijua vizuri. Kutenganisha ni lazima. Tunapitisha vifaranga kwenye nyavu za matundu tofauti, kwa sababu wakubwa wakiachwa, siku moja wanaanza kumeza wadogo. Kwako wewe wale wakubwa wachache watoe kwa kikombe, si kwa wavu, uwaweke kwenye chombo kingine hata kama ni ndoo yenye pampu ya hewa na sponji iliyokwisha kutumika. Utashangaa waliobaki watakavyochangamka.

Chakula cha jirani: muulize kama kimechanganywa homoni. Kuna chakula cha vifaranga wa sato kinachotiwa homoni ili wote wawe madume, wanapewa wiki tatu hadi nne za mwanzo. Hicho usikiguse kabisa. Kama ni unga wa kawaida wa vifaranga, kidogo kidogo hauna shida, ila mara mbili kwa siku hazitoshi. Tumbo la kifaranga ni dogo. Mpe mara nne au tano, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili.

KiooSafi
Ukiweza kupata mayai ya Artemia, wale vijidudu wa maji ya chumvi wanaolishwa vifaranga wa samaki, fanya hivi. Lita moja ya maji, gramu 25 hadi 30 za chumvi isiyo na madini joto, pampu ya hewa kwa nguvu, taa juu yake. Kwa joto la nyuzi 27 wanatotolewa ndani ya saa 24 hadi 36. Zima hewa, maganda yataelea juu, wewe nyonya wale wa rangi ya machungwa waliotulia chini, wasuuze chumvi, uwape vifaranga saa hiyohiyo wakiwa bado na kiini chao. Wakichelewa wanapoteza lishe. Kiini cha yai la kuku watu wanakisifu lakini kwenye lita 40 kinachafua maji upesi, na wewe amonia tayari unayo.

Huyo wa mgongo uliopinda hatanyooka. Inaweza kuwa ya kurithi, inaweza kuwa upungufu wa vitamini C. Kama anakula, mwache aishi, ila usimzalishe wala kumuuzia mtu.

Mzee wa Igombe
Kijana wangu, ziwani usimwage hata mmoja. Mbuna si wa Ziwa Victoria, ni wa Nyasa. Sisi tumekua tukila furu wa kila namna, wadogo wale wa kukaanga. Sangara alipandikizwa humu miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zilizokuwepo hapa tu duniani zikatoweka. Mgeni mwingine hatumtaki, hata awe mzuri kiasi gani. Wakizidi wagawie wafugaji wenzako.

MwanaKigoto
Shikamoo mzee, nimekuelewa, ziwani hawaendi. Wakuu, maji nimeshabadilisha na wakubwa nimewatoa. Swali la mwisho: lini nitawarudisha kwenye tangi la wazazi?

Nyasa_Mawe
Wakifika sentimita 4, wasiweze kuingia kwenye kinywa cha mkubwa yeyote humo. Siku ya kuwaingiza panga mawe upya kwanza, wenyeji wapoteze mipaka yao, halafu waingize wote kwa pamoja usiku, taa ikiwa imezimwa.