Amplifaya za bei mbaya: hela inaenda wapi? Tupeane uzoefu

Mpenda Besi
Wakuu, ipo amplifaya ya laki nne na ipo ya milioni ishirini, zote zimeandikwa wati 100 kila upande. Aliyewahi kuzifungua au kuzipima atueleze.

Fundi Soda
Hela nyingi imelala kwenye vyuma: transfoma nzito, kapasita kubwa, hitisinki (chuma cha kupoza joto), boksi la alumini. Transfoma ina kazi kweli. Spika yenye ukinzani wa omu 8 ikishuka hadi omu 3 kwenye besi, transfoma ndogo inaelemewa, mawimbi yanakatwa vichwa, na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ndiyo inaungua. Ila umeme ukishatosha, unaolipia zaidi ni urembo. Kutoka wati 100 hadi 200 unaongeza desibeli 3 tu! Weka hela kwenye spika.

Mita Mkononi
Usilinganishe kwa sikio kabla ya kusawazisha sauti, kwa sababu inayolia juu kidogo huonekana tamu zaidi. Cheza toni ya Hz 400 (mita nyingi za bei nafuu hupotoka masafa yakipanda), pima volti za AC kwenye vituo vya spika, na rekebisha hadi tofauti isizidi asilimia 1. Kisha mtu mwingine abadilishe amplifaya bila wewe kuona, nawe utaje ni ipi, mara 16. Ukipatia chini ya 12, huna ushahidi. Huko Marekani, Richard Clark aliweka dola 10,000 kwa atakayetofautisha amplifaya kwa utaratibu wa namna hii, na hakuna aliyezichukua.

Mpenda Besi
Na za valvu, zile za mirija ya kioo?

Mita Mkononi
Nyingi ya hizo utaitambua. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, kwa hiyo besi inayumba kufuata spika. Hiyo ni ladha, si ubora.

Fundi Soda
Anayenunua mtumba: iwashe kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu ikimulika kisha ikafifia, salama. Ikibaki kali, kuna shoti. Halafu, bila spika, pima volti za DC kwenye vituo vya spika vya amplifaya: milivolti 50 kushuka ni sawa, lakini ukikuta volti 2 usiunge kitu, kuna hitilafu. Transista za kutoa sauti, 2SC5200 na 2SA1943, feki zimejaa sokoni, na hufa ukipandisha sauti tu. Badilisha kwa jozi.